Nani Abebe Uzee wa Italia?

Kuzeeka kwa jamii, kwa maana inayotumiwa na wataalamu wa demografia, yaani elimu ya idadi na mwenendo wa watu, ni hali ya fungu la wazee kukua ndani ya jumla ya wakazi wa nchi huku fungu la watoto likipungua, na huletwa na mambo mawili ambayo si lazima yaandamane: watu kuishi muda mrefu zaidi, na wanawake kuzaa watoto wachache zaidi. Katika Umoja wa Ulaya hakuna nchi ambayo hali hiyo imefika mbali kama Italia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 nchi hiyo ilikuwa na wakazi wapatao milioni 58.9, na karibu robo yao, yaani asilimia 24.7, walikuwa wametimiza miaka 65 au kuivuka. Waliofikisha miaka 80 na kuendelea walikuwa takribani milioni 4.6, wakiwazidi watoto wote wa chini ya miaka 10, ambao walikuwa milioni 4.3 hivi. Umri wa kati, yaani ule unaowagawa wakazi mafungu mawili sawa, nusu wakiwa chini yake na nusu juu yake, unakaribia miaka 49, wakati kwa Umoja wa Ulaya mzima hauzidi 45.

Takwimu hizi kwa kawaida hutajwa kana kwamba ni janga lililoishukia nchi kutoka nje, mfano wa ukame au tetemeko, ilhali nusu yake ni habari njema. Mwitaliano anayezaliwa leo hutarajiwa kuishi zaidi ya miaka 83, jambo ambalo kizazi cha babu zake hakikuliota, na hakuna sababu ya kulilia. Penye tatizo ni pale palipoamuliwa, kwa sheria na kwa mazoea, nani abebe gharama ya miaka hiyo iliyoongezeka. Kwa muda wa nusu karne Italia imewalipa wazee wake fedha taslimu, kazi ya kuwatunza imeiachia familia, na ndani ya familia kazi hiyo imewaangukia wanawake, ambao ndio haohao wanaolaumiwa kwa kutozaa.

Mwaka 1964, kilele cha ustawi wa kiuchumi uliofuata vita, Italia ilipata watoto zaidi ya milioni 1. Mwaka 2024 walizaliwa takribani 370,000, na katika mwaka huohuo wakafa watu zaidi ya 650,000. Kiwango cha uzazi, maana yake wastani wa watoto ambao mwanamke mmoja angezaa katika maisha yake kama hali ya mwaka husika ingedumu, kilishuka chini ya 2.1, kiwango kinachotosha kizazi kimoja kuziba nafasi ya kilichotangulia, mwishoni mwa miaka ya 1970 na hakijarudi tena. Mwaka 1995 kilifika 1.19, kikapanda kidogo hadi mwaka 2010, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya wanawake wahamiaji, kisha kikaporomoka hadi 1.18 mwaka 2024. Ukilinganisha 1995 na 2024 kiwango ni karibu kilekile, lakini watoto waliozaliwa si idadi ileile: 1995 walizidi 500,000. Tofauti hiyo inatokana na kwamba mabinti wachache waliozaliwa katika miaka ya 1990 ndio sasa wamefikia umri wa kuwa mama, na hata kila mmoja wao angeamua kesho kuzaa watoto wawili, watoto wangebaki wachache kwa kuwa mama wenyewe ni wachache. Hesabu hii, ambayo haina siri yoyote, ndiyo inayosahauliwa kila waziri anapotangaza kwamba posho mpya itageuza mkondo wa uzazi.

Wanasiasa wa Italia wana sababu ya kihistoria ya kulikwepa suala la uzazi kwa muda mrefu. Mwezi Mei 1927 kiongozi wa kifashisti Benito Mussolini alilihutubia bunge akitaka taifa la watu takribani milioni 40 lifikie milioni 60, na serikali yake ikawatoza kodi ya pekee wanaume wasiooa na kuwatunuku mama wenye watoto wengi. Baada ya utawala huo kuanguka, sera yoyote iliyogusa uzazi ilinuka ufashisti, na vyama vya kidemokrasia, kikiwemo kile cha Kikatoliki kilichotawala miongo minne, viliisifu familia katika hotuba bila kuitengea fedha. Nchi ilifikia milioni hizo 60 zaidi ya miaka 80 baada ya hotuba ile, na ilifika huko kwa msaada wa wageni, watu ambao Mussolini hakuwa amewaweka katika hesabu. Ni mwaka 2022 tu ambapo Italia ilianza kutoa posho moja ya watoto kwa familia zote, wakati huo kuanzia euro 50 hadi euro 175 kwa mwezi kwa kila mtoto kutegemea kipato, na kabla ya hapo mzazi alilazimika kuokoteza nafuu za kodi na malipo madogo madogo yaliyotofautiana kwa kazi aliyofanya.

Posho hiyo inagusa sehemu ndogo ya kile kinachomzuia mwanamke wa Kiitaliano kuzaa. Tafiti za maoni nchini humo zimeonyesha mara nyingi kwamba wengi wangependa watoto wawili. Wanaishia na mmoja au kukosa kabisa. Vijana huondoka nyumbani kwa wazazi wakiwa na umri wa karibu miaka 30, kwa kuwa ajira za kudumu ni adimu, pango ni ghali, na mishahara halisi, ile inayopimwa kwa kile inachoweza kununua, haikupanda katika miongo mitatu iliyofuata 1990. Mtoto wa kwanza huja mama akiwa na karibu miaka 32, na baada ya hapo muda wa kupata wa pili ni mfupi. Vituo vya kulelea watoto wa chini ya miaka mitatu vina nafasi takribani 30 kwa kila watoto 100, na katika mikoa ya kusini kama Campania, Sicilia na Calabria nafasi ni chache zaidi ya hapo. Baba hupewa likizo ya siku 10 tu. Kwa miaka mingi palikuwa pia na hila ya baadhi ya waajiri ya kumtaka msichana anayeajiriwa atie sahihi barua ya kujiuzulu isiyo na tarehe, ili siku atakapopata mimba barua hiyo itolewe kabatini. Hila hiyo ilizibwa sawasawa mwaka 2016, ilipoamriwa kwamba mtu anayejiuzulu afanye hivyo kwa njia ya kielektroniki. Kati ya wanawake wa umri wa kufanya kazi, walioajiriwa ni zaidi kidogo ya nusu, kiwango cha chini kabisa katika Umoja wa Ulaya. Mtu angetarajia kwamba mahali ambapo wanawake wengi wako nyumbani watoto wangekuwa wengi, lakini ushahidi wa Ulaya unasema kinyume. Ndani ya Italia yenyewe, jimbo la Bolzano lililo kaskazini, lenye ajira nyingi za wanawake na huduma nzuri za watoto, ndilo lenye kiwango cha juu cha uzazi, takribani 1.5, wakati Sardinia, kisiwa ambacho vijiji vyake vya milimani vinasifika duniani kwa wingi wa watu wenye umri wa miaka mia na zaidi, kilishuka hadi 0.91 mwaka 2024.

Upande wa pili wa mizani ni pensheni, na hapa ndipo historia ya Italia inapofunza kwa uchungu. Mfumo wake ni wa kupokezana: michango inayokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi wa leo, ambayo kwa walioajiriwa hufikia asilimia 33 ya mshahara ukijumlisha fungu la mwajiri na la mwajiriwa, haiwekwi akiba kwa ajili yake bali hulipwa moja kwa moja kwa wastaafu wa leo. Mfumo wa namna hiyo hauna kasoro maadamu wanaochangia ni wengi na wanaopokea ni wachache. Italia ya miaka ya 1970 iliamini kwamba hali itabaki hivyo daima, na mwaka 1973 ikawaruhusu wanawake walioolewa wenye watoto waliokuwa watumishi wa serikali kustaafu baada ya miaka 14, miezi 6 na siku 1 ya kazi, hata kama wangali na miaka thelathini na kitu. Ruhusa hiyo ilipofutwa mwaka 1992, wapo waliokuwa wamekwisha kuanza safari ya kupokea malipo kwa miaka mingi zaidi ya mara mbili ya ile waliyofanya kazi.

Marekebisho yalianza mwaka huohuo wa 1992 chini ya Waziri Mkuu Giuliano Amato, na kubwa kuliko yote likafuata mwaka 1995 chini ya Lamberto Dini. Kabla ya Dini, pensheni ilikokotolewa kwa kutazama mishahara ya miaka ya mwisho, hivyo mtu aliyepandishwa cheo karibu na kustaafu alifaidi kuliko yule aliyechangia sawasawa maisha yake yote. Baada ya Dini, kila mfanyakazi huandikiwa michango yake katika akaunti ya hesabu tu, isiyo na fedha ndani yake, ambayo hukuzwa kwa kadiri pato la taifa linavyokua, na siku ya kustaafu jumla hiyo hugawanywa kwa miaka anayotarajiwa kuishi. Kwa fundi wa hesabu, mpango huu ni wa haki na unajirekebisha wenyewe. Kasoro yake ilikuwa katika tarehe: waliokuwa wamechangia miaka 18 au zaidi kufikia mwisho wa 1995 waliachwa katika utaratibu wa zamani, wenye michango pungufu ya hapo wakachanganyiwa taratibu mbili, na ni walioanza kazi kuanzia 1996 tu ndio waliowekwa moja kwa moja chini ya masharti mapya. Kwa maneno mengine, waliokuwa na sauti katika vyama vya wafanyakazi na katika sanduku la kura walijikinga, na gharama ikasukumwa kwa watu waliokuwa bado shuleni. Watu hao sasa wanakaribia miaka 50, wengi wao wakiwa wamepitia mikataba ya muda mfupi yenye michango midogo, na wanajua kwamba pensheni watakayopata itakuwa ndogo kuliko ile wanayoilipia wazazi wao.

Mwezi Desemba 2011, deni la taifa lilipokuwa limewatia hofu wakopeshaji na serikali ya Silvio Berlusconi imekwisha kuondoka, Waziri wa Kazi Elsa Fornero alisimama mbele ya waandishi wa habari kutangaza kupandishwa kwa umri wa kustaafu, na alipofika mahali pa kutaja kujinyima sauti ikamkatika na machozi yakamtoka. Sheria inayojulikana kwa jina lake iliufunganisha umri wa kustaafu na urefu wa maisha, na tangu 2019 umri huo ni miaka 67 kwa wanaume na wanawake. Hakuna sheria iliyochukiwa kama hiyo, na mwaka 2019 serikali mpya ikafungua mlango wa pembeni, ikiwaruhusu kwa miaka mitatu wenye miaka 62 waliochangia miaka 38 waondoke mapema. Mlango huo uliwafaa zaidi wanaume wenye kazi za kudumu, kwa kuwa wanawake wachache hufikisha miaka 38 ya michango bila kukatiza kwa ajili ya watoto au wazazi wagonjwa. Leo pensheni hula zaidi ya asilimia 15 ya pato la taifa, katika nchi ambayo deni lake ni takribani asilimia 135 ya pato hilo, na kizazi kikubwa cha 1964 kitatimiza miaka 67 mwaka 2031, hivyo mlima wenyewe bado uko mbele. Wastaafu wachache walitafuta nafuu yao kwa kuhamia nchi zenye kodi ndogo au maisha nafuu, kama vile Ureno na Tunisia, na hata pwani ya Kenya, ambako Malindi na Watamu zina jamii ya Waitaliano iliyoota mizizi tangu kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco kilipoanzishwa Ngomeni katika miaka ya 1960.

Pensheni hata hivyo haimnawishi mtu wala haimgeuzi kitandani. Mwaka 1995 Ujerumani iliunda bima ya lazima ya utunzaji, ambayo kila mwenye mshahara huichangia na ambayo humgharamia mtu asiyeweza tena kujihudumia, ama kwa huduma ya mkononi ama kwa fedha. Italia haikuwa na kitu cha aina hiyo. Ilikuwa na posho iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, zaidi kidogo ya euro 500 kwa mwezi, inayolipwa sawasawa kwa tajiri na maskini ambaye hawezi kutembea au kujihudumia bila msaada, na isiyoulizwa inavyotumika. Familia zilipopokea fedha hiyo na kuiongeza kwenye pensheni ya mzee, ziligundua kwamba jumla yake haitoshi kulipia nyumba ya wazee yenye hadhi, lakini inatosha, ikibanwa, kumlipa mwanamke kutoka nchi maskini zaidi aje kulala chumba cha pili.

Hivyo ndivyo walivyotokea badanti, watunzaji wa wazee wanaoishi katika nyumba za wanaowatunza. Hakuna serikali iliyowapangia wala bunge lililowajadili kabla hawajafika. Walikuja kutoka Ufilipino na Peru, kisha, baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, kwa wingi kutoka Ukraine, Romania na Moldova, wengi wao wakiwa walimu, wauguzi na wahasibu wa umri wa miaka arobaini na zaidi ambao mishahara yao ya nyumbani haikutosha kusomesha watoto. Mwaka 2002, bunge lilipopitisha sheria kali ya uhamiaji iliyobeba majina ya Umberto Bossi na Gianfranco Fini, serikali hiyohiyo ililazimika kuruhusu wageni wasio na vibali wahalalishwe, na karibu nusu ya maombi yaliyomiminika yalihusu wafanyakazi wa ndani na watunzaji wa wazee. Wapiga kura waliotaka wageni wafukuzwe hawakuwa tayari kumfukuza yule aliyekuwa akimlisha mama yao. Idara ya taifa ya hifadhi ya jamii ina orodha ya wafanyakazi wa majumbani zaidi ya 800,000, takribani nusu yao wakiwa watunzaji wa wazee, na inakadiriwa kuwa wengine wanaokaribia idadi hiyo hufanya kazi bila mkataba wowote.

Kwa mtazamo wa hazina ya serikali, mpango huu usiopangwa ni wa bei nafuu ajabu, na pengine ndiyo sababu umedumu. Gharama zake zimefichika kwingine. Mtunzaji anayelala na mgonjwa wa kusahau hana mwisho wa zamu, na akiugua hana wa kumwachia. Watoto wake wamelelewa na bibi zao huko Ukraine na Moldova, na wazazi wake mwenyewe wanazeeka bila yeye. Udhaifu wa mpango mzima ulionekana katika majira ya machipuko ya 2020, virusi vya korona vilipoingia Lombardia na malori ya jeshi yakaonekana Bergamo yakibeba majeneza kwa kuwa mahali pa kuchomea maiti palikuwa pamejaa: wazee walikuwa wamegawanyika kati ya nyumba za wazee ambamo ugonjwa ulienea haraka na nyumba binafsi ambamo hapakuwa na muuguzi wala daktari aliyewafikia. Mwaka huo Italia ilipata vifo karibu 100,000 zaidi ya wastani wa miaka iliyotangulia.

Sheria ya mwaka 2023 kuhusu wazee wasiojiweza ilisifiwa kuwa ndiyo mwanzo wa mfumo wa kweli wa utunzaji, na waliopigania mfumo huo kwa miaka ishirini walikuwa na haki ya kutumaini. Kilichofuata ni posho ya majaribio ya euro 850 kwa mwezi kwa miaka 2025 na 2026, inayoitwa rasmi ya wote, ambayo masharti yake ni kutimiza miaka 80, kuwa na mahitaji ya juu kabisa ya kiafya na kuwa na kipimo cha hali ya kiuchumi ya familia kisichozidi euro 6,000. Katika nchi yenye watu milioni 4.6 wa umri huo, wanaopita katika tundu hilo ni wachache mno.

Uzee huo pia haukutandazwa sawasawa nchini. Liguria, mkoa wa pwani ya kaskazini-magharibi, ndio mkoa mzee kuliko yote, na Campania ndio wenye vijana wengi, lakini kusini kunazeeka kwa kasi zaidi kwa kuwa vijana wake huhamia Milano, Torino au nje ya nchi. Waitaliano waliohama Italia mwaka 2024 walifika takribani 156,000. Vijiji vya milima ya Apenini na vya Sicilia ya ndani vimefunga shule, kisha ofisi ya posta, kisha duka la dawa. Baadhi yavyo, kama Gangi, Mussomeli na Sambuca di Sicilia, vilitangaza kuuza nyumba zilizotelekezwa kwa euro 1, na vikapata sifa magazetini na wanunuzi kutoka Marekani, ambao wengi huja likizo. Calabria, iliyokosa madaktari wa kutosha hospitalini, imeajiri mamia ya madaktari kutoka Cuba. Mwaka 2025 waraka wa mpango wa serikali kwa maeneo ya ndani ya nchi ulikiri kwamba viko vijiji ambavyo kupungua kwa watu wake hakurudishiki, na kwamba kinachobaki ni kuhakikisha waliomo wanamalizia maisha kwa heshima. Kauli hiyo ilizua ghadhabu, maaskofu wakiwa miongoni mwa waliopinga, ingawa waraka uliandika tu kile ambacho bajeti za miaka thelathini zilikuwa zimekwisha kukitenda.

Linabaki swali la wageni, ambalo kila hesabu ya pensheni hatimaye huliangukia. Wakazi wenye uraia wa nchi nyingine ni takribani milioni 5.4, na bila wao idadi ya watu ingeanza kushuka mapema zaidi. Serikali ya Giorgia Meloni, iliyoshinda mwaka 2022 kwa ahadi ya kuzuia mashua za wahamiaji, imeidhinisha pia nafasi 452,000 za wafanyakazi wa kigeni kwa miaka mitatu ya 2023 hadi 2025. Uhamiaji lakini haufuti kuzeeka. Huuchelewesha, kwa kuwa wahamiaji nao huzeeka, na wanawake wao baada ya miaka michache huzaa kwa idadi inayoukaribia wastani wa wenyeji. Romania, Moldova na Ukraine zimekuwa zenyewe nchi za wazee, na Ukraine sasa ina vita. Mtunzaji aliyefika Roma mwaka 2002 akiwa na miaka 42 ana miaka zaidi ya 60, mgongo unamuuma kwa kunyanyua watu wazima, na michango yake, pale mwajiri alipoilipa, itampa pensheni ndogo mno.

Wanaoweza kuziba pengo la watunzaji na wachangiaji tayari wamo nchini, wakisoma katika shule za Kiitaliano, lakini sheria ya uraia ya mwaka 1992 humtaka mtoto wa wageni aliyezaliwa Italia asubiri hadi atimize miaka 18 ndipo aombe, na mtu mzima aliyetoka nje ya Umoja wa Ulaya akae miaka 10. Mwezi Juni 2025 wapiga kura waliulizwa kama miaka hiyo 10 ipunguzwe kuwa 5. Wengi wa waliopiga kura walikubali. Waliojitokeza, hata hivyo, walikuwa takribani asilimia 30, chini ya nusu inayohitajika kisheria, na kura ikabatilika. Katika mwaka huohuo bunge lilipunguza pia uraia unaopatikana kwa nasaba, likiuachia kwa jumla watoto na wajukuu tu wa wazaliwa wa Italia, hivyo vitukuu wa wahamiaji waliokwenda Argentina na Brazil zaidi ya karne moja iliyopita, ambao zamani wangeweza kuuomba bila kikomo cha vizazi, wamefungiwa mlango uleule ambao watoto waliozaliwa Palermo na Torino wangali wanaugonga.